Chasisi ya Waya ya Gari la Mfuo: Somo la Ufundi na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yana nia mbili. Kwanza, yanaeleza jinsi chasisi ya waya ya gari dogo la mashindano inavyoundwa kwa mkono, na jinsi chasisi moja inavyoweza kulinganishwa na nyingine kwa haki. Pili, yanatumia maelezo hayo kuipima lugha yenyewe: je, istilahi tulizo nazo zinamwezesha msomaji ambaye hajawahi kukiona kifaa hiki kukiunda bila kupotoka? Inadaiwa hapa kwamba istilahi haipimwi kwa uzuri wake kamusini bali kwa kazi inayofanyika baada ya kutajwa.

1.0 Utangulizi

Imekuwa mazoea kwa baadhi ya watu kudai kuwa Kiswahili ni lugha tamu ya ushairi, mahubiri na siasa, lakini kwamba kikifika mlangoni pa karakana hupiga hodi na kurudi. Watetezi wa lugha hii, nao, aghalabu hujibu kwa orodha ndefu za istilahi. Majibu ya namna hiyo hayatoshi. Orodha huonyesha kwamba neno lipo. Haionyeshi kwamba neno linafanya kazi.

Suala hili si la kinadharia tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, kijana anayejifunza ufundi wa vyuma Kamukunji jijini Nairobi husikia maelezo ya kazi kwa Kiswahili, kisha akitaka kuyasoma huyakuta kwa Kiingereza. Anachojua mkono wake hakina maandishi, na kilichoandikwa hakikutoka mkononi mwake. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mwanaisimu ambaye hajawahi kueleza kazi hata moja ya mikono, toka mwanzo hadi mwisho, kwa lugha anayoitetea.

Ndiyo maana kimeteuliwa hapa kifaa kidogo. Gari la mfuo lina sehemu chache ambazo zote zinaweza kutajwa katika kurasa chache, na kosa la jina hujitokeza haraka, kwa kuwa gari lililoundwa vibaya huruka nje ya njia katika kona ya kwanza.

2.0 Gari la Mfuo ni Nini?

Gari la mfuo ni gari dogo la umeme linalokimbia juu ya njia iliyochongwa mfuo mwembamba. Chini ya pua ya gari mna kipande bapa kinachoingia mfuoni na kuliongoza. Kila upande wa mfuo hupita ukanda wa madini unaochukua umeme, kwa kawaida wa volti 12 hivi, na misuko miwili ya shaba iliyofungwa kwenye kipande kile huuparuza ukanda huo na kuufikisha umeme kwenye mota. Mchezaji hashiki usukani. Anachodhibiti kwa kidole ni kiasi cha umeme tu, yaani mwendo.

Mchezo huu ulienea sana baada ya mwaka 1957, pale Mwingereza Fred Francis alipotoa seti za Scalextric. Katikati ya miaka ya 1960 ulishika kasi nchini Marekani, ambako kumbi za biashara zilijengwa zikiwa na njia kubwa za mbao zenye mifuo minane. Mojawapo ya njia mashuhuri za aina hiyo, iliyojulikana kama King, ilikuwa na urefu wa futi 155, yaani takriban mita 47. Magari ya kununuliwa dukani yaliposhindwa kustahimili kasi ya mota mpya, washindani walianza kuunda chasisi zao wenyewe kwa nyaya na mirija ya madini, wakiziunga kwa lehemu mezani nyumbani. Katika miaka ya 1970 chasisi za bati la chuma lililokatwa kwa mashine zilichukua nafasi kubwa, lakini katika miaka ya 2000 mashindano ya kuzienzi chasisi za waya yalifufuliwa huko Marekani, na ufundi huo ukapata wanafunzi wapya.

3.0 Uteuzi wa Istilahi

Z. Tumbo-Masabo na H.J.M. Mwansoko, katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili (1992), walilipa taaluma yetu msingi wa kulijadili suala hili. Hapa tutajifunga na kanuni tatu tu: jina lisimpotoshe mtendaji, lisilifukuze jina ambalo mafundi wamekwisha kulikubali, na liweze kuzaa majina mengine.

Kwa mujibu wa kanuni ya pili, hatuna haja ya kubuni badala ya mota, gia, ekseli, bushi, tairi na chasisi. Maneno haya yamekwisha kuzoeleka katika gereji zetu, yamepata ngeli na yanavyambuliwa kama mengine.

Palipo na pengo, tumelijaza kwa maneno ya nyumba, chombo na mwili. Nyaya ndefu zinazounganisha nyuma na mbele ya chasisi tunaziita fito, kwa sababu zinafanya kazi ileile ya fito katika ukuta wa nyumba ya udongo: kila ufito peke yake ni dhaifu, ila zikifungamanishwa zinabeba mzigo. Ngeli ya U-ZI inatupa faida ya ziada, kwani ufito mmoja na fito nyingi vinatofautishwa bila maelezo. Vibapa vya pembeni vinavyocheza juu na chini ni mbawa, na kiungo kinachoziruhusu kucheza ni bawaba, neno ambalo kila seremala analijua.

Kipande cha kuongoza ndicho kilichozua ubishi. Pendekezo la kwanza lilikuwa usukani, nalo lina hoja, kwa maana usukani wa jahazi ni kipande bapa kinachozama majini. Hata hivyo, usukani hugeuzwa na mtu ili chombo kifuate, ilhali kipande hiki hugeuzwa na mfuo nacho humfuata. Msomaji akiambiwa usukani atatafuta mahali pa kuushikia. Tumeteua ulimi, kwa kuwa unatokeza mbele, unaingia mwanyani na unageuka wenyewe.

Vivyo hivyo, tumeteua mfuo badala ya ufa na mfereji. Ufa ni dalili ya kuharibika, na mfereji ni wa kupitisha maji. Mfuo ni alama ndefu iliyochongwa kwa makusudi.

4.0 Mada na Tabia Zake

Hapa ndipo istilahi legevu huleta hasara ya fedha. Neno shaba katika mazungumzo ya kawaida hutumika kwa shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme, na pia kwa mchanganyiko wake na zinki, ambao wengine huuita shaba njano na wengine shaba nyeupe. Fundi akiagizwa "waya wa shaba" akanunua shaba nyekundu laini, chasisi yake itapindika katika mgongano wa kwanza. Katika makala haya tunasema shaba njano kila mara, hata pale ambapo kufupisha kungependeza sikio.

Mada ya pili ni chuma cha pua, hususan waya wa piano, yaani waya uliovutwa na kukazwa hadi ukawa na tabia ya springi. Unene unaotumiwa sana ni kati ya milimita 1.2 na 1.6.

Neno ugumu nalo linatutega. Kwa Kiswahili cha kila siku, kitu kigumu huweza kuwa kile kisichokwaruzika, kile kisichopindika, au kile kisichokubali kubaki kimepinda. Mhandisi huzitofautisha tabia hizi, nasi hatuna budi. Tuite ukakamavu ile hali ya kukataa kupinda chini ya mzigo, na urejeo ule uwezo wa kurudia umbo mzigo unapoondolewa. Tofauti hii ina ushahidi wa kila mtaa wa Kenya. Watoto wanaounda magari ya waya, yenye magurudumu ya kandambili kuukuu na mpini mrefu wa kuendeshea, hupenda waya laini wa kufungia vyuma vya ujenzi kwa sababu unatii vidole: ukiupinda, unabaki ulivyopindwa. Waya wa piano hauna utiifu huo. Cha kushangaza ni kwamba nyaya hizi mbili zikiwa na unene mmoja, ukakamavu wao unakaribiana sana, kwa kuwa zote ni za jamii ya chuma. Kinachotofautiana ni urejeo. Mtoto anataka waya wenye urejeo mdogo. Muundaji wa gari la mfuo anataka wenye urejeo mkubwa, ili chasisi inyumbuke konani kisha irudi katika unyoofu wake. Neno ugumu peke yake lisingeweza kumweleza yeyote tofauti hiyo.

5.0 Hatua za Uundaji

5.1 Kuchora. Gari halisi ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.4, likipunguzwa kwa skeli ya 1:24, hupata nafasi ya milimita 100. Mchoro uwe wa ukubwa kamili, kwa sababu nyaya zitapimwa juu yake.

5.2 Kukata na kusafisha. Waya wa piano huharibu makali ya koleo. Ukatwe kwa kisahani cha kukatia, na macho yakingwe. Kila mahali patakaposhika lehemu pasuguliwe kwa msasa hadi pang'ae, maana lehemu haikamati penye kutu wala mafuta.

5.3 Kuweka kwenye kiolezo. Kiolezo ni kibao bapa chenye mahali maalumu pa ekseli. Bushi za nyuma zilehemiwe kwanza, ekseli iliyonyooka ikiwa imepitishwa ndani ya zote mbili. Ekseli isipozunguka kwa wepesi katika hatua hii, haitakuwa nyepesi baadaye.

5.4 Kulehemu fito. Waya ukae mahali pake wenyewe kabla ya moto. Ukilazimishwa kwa kidole na kulehemiwa ukiwa umejikaza, utajikunjua punde chasisi itakapotolewa kwenye kiolezo, nayo itakuwa na gurudumu moja hewani. Moto upashe waya kwanza, kisha waya wenyewe uiyeyushe lehemu. Lehemu iliyoyeyushwa na chuma cha kulehemu na kudondoshwa juu ya waya baridi hukaa kama tone na kubanduka. Waya wa chuma huhitaji dawa ya kulehemu yenye tindikali.

5.5 Kufunga ulimi na mbawa. Ulimi huweza kufungwa kwenye mkono wenye bawaba, ili pua ya gari ikiinuka, ulimi usitoke mfuoni. Bawaba huundwa kwa kupitisha waya ndani ya mrija mwembamba wa shaba njano. Tone la mafuta ndani ya mrija huizuia lehemu isiingie na kuigandisha bawaba.

5.6 Kuosha. Tindikali ikiachwa huleta kutu katika muda mfupi. Chasisi ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe na ipakwe mafuta kidogo. Aidha, lehemu ya kale yenye sehemu 60 za bati na 40 za risasi ina sumu. Dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

6.0 Ulinganishaji wa Chasisi

6.1 Mada

Ukakamavu wa chuma cha pua ni takriban mara mbili ya ule wa shaba njano. Kwa upande mwingine, sentimita moja ya ujazo ya shaba njano ina takriban gramu 8.5, na ya chuma gramu 7.85. Ufito wa milimita 80 wenye unene wa milimita 1.6 utakuwa na gramu 1.37 ukiwa wa shaba njano na gramu 1.26 ukiwa wa chuma. Kwa hiyo anayetaka uzito ulio chini karibu na njia bila kuongeza ukakamavu huegemea shaba njano. Anayetaka wepesi huegemea waya wa piano. Wengi huchanganya.

6.2 Unene na idadi

Ukakamavu wa ufito hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, yaani kipeo cha nne, ilhali uzito hufuata kipeo cha pili. Ufito wa milimita 1.6 una uzito wa mara 1.78 ya ule wa milimita 1.2, lakini ukakamavu wake ni mara 3.16.

Tuchukue chasisi mbili. Ya kwanza ina fito mbili za milimita 1.6, ya pili ina fito sita za milimita 1.2, za mada ileile na urefu uleule, kila ufito ukiwa huru isipokuwa kwenye ncha. Hesabu yaonyesha kuwa ukakamavu wa ya pili ni karibu asilimia 95 ya ule wa kwanza, ilhali uzito wa fito zake umezidi kwa asilimia 69. Jicho lisilo na hesabu lingesema chasisi yenye fito sita "ina nguvu zaidi". Kwa kweli inanyumbuka zaidi kidogo na ni nzito zaidi.

6.3 Mpangilio wa lehemu

Fito mbili zikilazwa ubavu kwa ubavu na kulehemiwa kwa urefu wote, ukakamavu wao dhidi ya mzigo wa juu hubaki vilevile. Zikipandanishwa, mmoja juu ya mwingine, na kulehemiwa kwa urefu wote, ukakamavu huo huwa mara tano ya ule wa fito mbili zisizolehemiwa. Nyaya ni zilezile na uzito ni uleule, tukiacha uzito wa lehemu. Kwa hivyo maelezo yanayosema tu "unga fito mbili" hayajaeleza chochote. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuitenga hali moja na nyingine: kulaza, kupanga, kupandanisha, kufungamanisha. Kinachokosekana mara nyingi ni uangalifu wa mwandishi.

6.4 Mkao wa mota

Mota ikilazwa kwa urefu wa gari, mhimili wake hukutana na ekseli kwa pembe mraba, na mtupo wake huisokota chasisi upande mmoja kila mwendo unapoongezwa. Mota ikilazwa sambamba na ekseli, msokoto huo huondoka, lakini urefu wa mota na gia lazima utoshee kati ya magurudumu ya nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waundaji wa Marekani walishika njia ya kati: wakaiweka mota mshazari, ncha yake ya mbali ikipita mbele ya gurudumu. Tuiite chasisi ya mshazari. Neno hilo tulikuwa nalo tangu zamani katika kazi ya kushona na ya ujenzi. Lilikuwa likingoja kuitwa kazini.

6.5 Jaribio la haki

Kulinganisha kunataka nidhamu. Jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja: tairi, mota, gia na uzito wa jumla vibaki vilevile. Mezani, nyuma ya chasisi ibanwe, kisha gramu 50 zining'inizwe milimita 30 kutoka mstari wa kati upande wa mbele. Kushuka kwa upande huo kupimwe, mzigo uondolewe, na urejeo uchunguzwe. Njiani, kila chasisi ikimbizwe katika mfuo mmoja, kwa mizunguko mingi, na zipishane kwa zamu, kwa maana njia hubadilika kadiri mpira wa tairi unavyoachwa juu yake. Muda wa mzunguko bora peke yake hudanganya. Chasisi kakamavu huweza kutoa mzunguko mmoja wa kasi kisha ikaruka nje mara tatu.

7.0 Matokeo kwa Mwanaisimu

Yapo mambo matatu yanayojitokeza. Kwanza, upungufu uliotusumbua haukuwa wa maneno bali wa mipaka ya maneno. Shaba na ugumu ni maneno ya kale na mazuri, nayo ndiyo yaliyokaribia kutupoteza kuliko gia au ekseli ya kukopa. Pili, sitiari ya ndani hufaa inapofanana kwa kazi, si kwa sura pekee: ufito na bawaba vilifaulu, usukani ukashindwa. Tatu, unyambuaji ni mtaji ambao bado hatujautumia ipasavyo. Kutoka nyumbua tunapata nyumbuka na unyumbufu. Kutoka kakamaa, kakamavu na ukakamavu. Kutoka sokota, sokoteka na msokoto. Familia hizi zinamwezesha mwandishi kutaja tendo, hali na sifa bila kukopa.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayakusudii kuwafanya wanafunzi wa Kiswahili kuwa washindani wa magari ya mfuo, ingawa si vibaya wakijaribu. Yanakusudia kupendekeza kwamba kila mwanafunzi wa istilahi aandike angalau maelezo ya kazi moja ya mikono, ampe mtu asiyeijua, kisha anyamaze na kutazama mikono ya mtu huyo. Mahali mikono itakaposita, pana neno la kurekebishwa. Mafundi wetu wamekuwa wakifundishana kwa ulimi na jicho kwa miaka mingi. Deni letu kwao ni kuyaandika wanayoyajua kwa namna ambayo fundi asiyekuwepo ataweza kuyasoma na kuyatenda.

Maswali ya Mjadala

1. Jadili iwapo ulimi ni istilahi bora kuliko usukani, ukizingatia msomaji wa pwani na wa bara.

2. Eleza, kwa sentensi zisizozidi nne na bila mchoro, tofauti kati ya fito zilizolazwa ubavu kwa ubavu na zilizopandanishwa. Mpe mwenzako azipange kwa kalamu mbili, kisha utathmini maelezo yako.

3. Tembelea karakana moja iliyo karibu nawe. Kusanya maneno kumi ya kazi, na kwa kila neno onyesha kama limekopwa, limepanuliwa maana au limenyambuliwa.